Thamani ya mashine ya gemu imo kwenye gemu zake: ipime hivi kabla ya kulipa

Kaseti ya kwanza ya gemu niliyowahi kuishika ilikuwa ya njano, na kwenye lebo yake palipangwa tarakimu 9 saba mstari mmoja. Gemu 9,999,999. Tuliichomeka kwenye moja ya zile mashine zilizonakiliwa kutoka Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983. Nakala zake zilitufikia huku miaka ya 1990, zikiwa na bunduki ya plastiki na pedi mbili za waya mfupi. Kaka yangu alichukua daftari la hesabu akaanza kuorodhesha. Contra. Contra inayoanzia hatua ya pili. Contra yenye maisha 30. Mario. Mario anayeruka juu zaidi. Tulifanya kazi ile jioni nzima, na mwisho wake gemu zisizojirudia zilikuwa 14. Katika hizo 14, tulizocheza mpaka vitufe vya pedi vikafutika maandishi zilikuwa nne tu: Contra, Mario, ile ya vifaru na ile ya kupiga bata.

Hesabu ile ya daftari ndiyo ninayoifanya hadi leo mtu anaponiuliza, "Kaka, nichukue ipi?" Wengi hutaka niwatajie mashine yenye nguvu kuliko nyingine. Nguvu imeandikwa kwenye boksi, kila mtu anaweza kuisoma. Kisichoandikwa ni gemu zipi za mashine hiyo zitachezwa nyumbani kwako, zitakugharimu kiasi gani, na kama bado zinapatikana. Chukua daftari na kalamu, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Andika watu, kisha majina ya gemu

Andika kila mtu atakayeshika pedi, pamoja na mama wa nyumba na shangazi anayekuja wikiendi. Chini ya kila jina andika gemu tatu hadi tano. Yawe majina kamili. "Za kupigana" haitoshi, na "za magari" haitoshi. Mtoto asiyejua majina mwulize alichokiona kwa rafiki yake, kisha mkitafute pamoja kwenye simu mpaka aseme "hiyo hapo!"

Kama hamjui pa kuanzia, nenda ukakae saa moja kwenye kibanda cha gemu cha mtaani. Wenye vibanda ni wapimaji wazuri kuliko wote ninaowafahamu, kwa sababu gemu isiyochezwa inawanyima hela ya siku. Utakuta mashine zote zinazunguka gemu tatu nne: mpira, Mortal Kombat au Tekken, na GTA kwa anayecheza peke yake. Tazama pia vijana wanaosubiri zamu wanaangalia skrini ipi.

Mpira unastahili mstari wake mwenyewe, kwa kuwa ndio unaouza mashine nyingi hapa kwetu, na ndio unaodanganya zaidi. Jina moja haliwi kitu kimoja kwenye kila mashine. FIFA 14 ndiyo ya mwisho iliyotoka kwa PS2 (PlayStation 2 ya Sony), na FIFA 19 ndiyo ya mwisho kwa PS3 na Xbox 360 ya Microsoft. Kwenye Nintendo Switch, kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23, kampuni ya EA ilikuwa ikitoa toleo lenye jezi na vikosi vipya huku mchezo wenyewe ukibaki ule wa zamani. Baada ya FIFA 23 jina likabadilika kuwa EA Sports FC. Kampuni ya Konami nayo iliachana na PES, gemu yake ya mpira ya kila mwaka, na mwaka 2021 ikaleta eFootball, ambayo ni ya bure lakini inategemea intaneti. Kwa hiyo andika mpira upi, wa mwaka gani, na kama mnacheza wawili kwenye kochi moja au na mtu aliye mbali. Anayetaka kochi tu, na hajali nyasi zinavyong'aa, bado atafurahi na PES kwenye PS2, ambayo mashabiki wameendelea kuitengenezea vikosi vipya miaka mingi baada ya Konami kuiacha.

Hatua ya 2: Weka alama P, K au H

P ni gemu ya pekee: nje ya familia ya mashine hiyo huipati kwenye mashine nyingine ya gemu. K ni ya kote. H ni iliyohama, yaani ilikuwa ya pekee zamani, sasa iko kwingine tena ikiwa nzuri zaidi.

GTA V ni K halisi. Ilitoka kwa PS3 na Xbox 360 mwaka 2013, PS4 na Xbox One mwaka 2014, kompyuta mwaka 2015, kisha PS5 na Xbox Series mwaka 2022. Muuzaji akikusifia mashine kwa sababu "ina GTA", hajakuambia kitu. Bloodborne ya mwaka 2015 ni P ya PS4, na PS5 inaichezesha pia. Mario na Zelda ni P za Nintendo tangu enzi na enzi.

Wingi wa gemu usikutishe wala usikupumbaze. Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996, ilibaki na kaseti wakati PlayStation imeshakwenda kwenye CD. Kaseti zilikuwa ghali kutengeneza na nafasi yake ilikuwa ndogo, hivyo watengenezaji wengi wakahama. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilitoka kwa PlayStation ikiwa na CD tatu. Nintendo 64 ikaishia na gemu zisizofika 400. Lakini ilikuwa na matundu manne ya pedi, na ilikuwa na Mario Kart 64, GoldenEye na Zelda: Ocarina of Time. Nyumba yenye ndugu wanne ilipata humo kuliko ilivyopata kwenye mashine yenye gemu maelfu za mchezaji mmoja.

Dreamcast ya Sega ni somo la upande wa pili, na mimi huisikitikia kila nikiikumbuka. Ilitoka Japani Novemba 1998, na mapema mwaka 2001 Sega wakatangaza kuacha kuitengeneza. Ilikuwa na Soulcalibur, Crazy Taxi, Jet Set Radio na Shenmue, gemu ambazo watu bado wanazizungumzia kwa mapenzi. Ila EA hawakuitengenezea gemu hata moja, kwa hiyo haikuwa na FIFA. Kwa nyumba ambayo daftari lake lina mstari mmoja tu, "FIFA", hazina yote ile ilikuwa sifuri.

H ndiyo alama watu wanayoisahau. Wii U, mashine ya Nintendo iliyotangulia Switch, iliuzwa takriban milioni 13.5 tu, na Nintendo wakazichukua gemu zake bora wakazihamishia Switch: Mario Kart 8 mwaka 2017, Bayonetta 2 mwaka 2018, Pikmin 3 mwaka 2020, Super Mario 3D World mwaka 2021. Kila moja ilipoondoka, sababu ya kununua Wii U ilipungua. Kinyume chake kuna gemu ambazo hazijapata kutolewa upya. Def Jam: Fight for NY ya mwaka 2004 imejaa sura na sauti za wasanii halisi, na WWE SmackDown! Here Comes the Pain ya mwaka 2003 imejaa wanamieleka halisi. Kuitoa upya gemu ya namna hiyo maana yake ni kuanza tena mazungumzo ya haki na kila mmoja wao. Here Comes the Pain ilitoka kwa PS2 peke yake. Kama umri wako unakaribia wangu na jina hilo limekuchangamsha, PS2 kwako ina thamani ambayo PS5 haiwezi kukupa.

Hatua ya 3: Angalia mashine inasoma nini cha nyuma

PS5 inachezesha karibu gemu zote za PS4, na Sony wenyewe huzihesabu kuwa zaidi ya 4,000. PS4 haisomi kabisa diski ya PS3. Xbox Series X inasoma diski nyingi za Xbox za zamani. Xbox Series S haina tundu la diski, hivyo hiyo hesabu haimhusu mwenye diski. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inachezesha gemu nyingi za Switch ya kwanza.

PS3 ndiyo inayohitaji jicho. Zile za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, ziliweza kusoma diski za PS2. Baadaye Sony wakaondoa uwezo huo ili kupunguza gharama. Ukiziweka mbili mezani zinafanana kama mapacha. Zihesabu matundu ya USB kwa mbele: zinazosoma PS2 zina manne, zilizofuata zina mawili. PS3 zote, hata nyembamba, zinasoma diski za PS ya kwanza. Tofauti ya matundu mawili ya USB ni tofauti ya maktaba nzima ya PS2, kwa hiyo usione aibu kuinama dukani ukahesabu. Lakini zile za matundu manne ni za zamani na hupata joto sana. Muulize fundi wako kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Jaribu kila mlango kama bado unafunguka

Gemu iliyo kwenye orodha lakini huwezi kuipata haina thamani. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa Januari 2019. Lile la Nintendo 3DS na Wii U liliacha kuuza Machi 2023. La Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Gemu zilizokuwa zikiuzwa humo bila diski, mnunuzi mpya wa leo hazipati tena kwa njia halali. Kwa mashine za zamani, hesabu diski na kaseti tu.

Kwa mashine za sasa, uliza kwanza kama kuna tundu la diski. PS5 ya kidijitali na PS5 Pro zinakuja bila kisomaji cha diski. Cha Pro, na cha PS5 nyembamba ya kidijitali, unakinunua kando. Binamu yangu alinunua mashine isiyo na tundu kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu, wakati rafiki yake alikuwa ameshamwahidi diski 11 za bure. Zile diski zimekaa kwenye droo hadi leo. Kwa upande wa Switch 2, angalia boksi vizuri, maana baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu, na gemu yenyewe unaipakua.

Kisha kuna akaunti. Duka la PlayStation limegawanywa kwa nchi, na kadi ya kuongezea pesa ya nchi moja haikubali kwenye akaunti ya nchi nyingine. Ukifungua akaunti ya nchi fulani, hakikisha unajua utapata wapi kadi zake miezi yote ijayo. Diski za PS4 na PS5 zinachezeka popote, ila nyongeza za kupakua hufuata nchi ya diski. Kucheza mtandaoni gemu za kununua kwenye PS4 na PS5 kunahitaji PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony. Fortnite na eFootball, kwa kuwa ni za bure, hazihitaji.

Hapa naomba usome taratibu. Mwaka fulani nilinunua PS4 iliyotumika, muuzaji akajisifu, "Ina gemu 30 ndani." Kweli zilikuwemo, nikazifungua mbili, zikacheza. Wiki tatu baadaye nikawasha nikakuta kila picha ya gemu ina kufuli dogo pembeni. Gemu zilikuwa za akaunti ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amechukua haki yake kwenye mashine yake mpya. Nilikuwa nimelipia gemu 30 na kubaki na sifuri. Gemu zilizo kwenye akaunti ya muuzaji usizipe hata shilingi moja kwenye hesabu yako. Diski anazokukabidhi mkononi, hizo zihesabu.

Hatua ya 5: Tafuta bei ya saa moja

Bei ya mashine ni nusu ya habari. Chukua bei ya mashine, jumlisha gemu mtakazonunua kwa miaka miwili, jumlisha ada za mwezi na bando la kupakua, toa utakachorudishiwa ukiziuza diski. Gawanya kwa saa mtakazocheza.

Tufanye mfano, nawe weka bei za mjini kwako. Mashine A imetumika, ina tundu la diski, ni shilingi 550,000. Diski tano zilizotumika kwa 35,000 ni 175,000. Ukizimaliza unaziuza kwa 25,000 kila moja, unarudishiwa 125,000. Umebaki umetumia 600,000. Mashine B ni mpya, haina tundu, ni 400,000. Gemu hizohizo tano dukani kwake ni 90,000 kila moja, jumla 450,000, na huziuzi tena. Kila moja ina GB 60, hivyo unapakua GB 300. Kwa bando la shilingi 1,000 kwa GB moja ni 300,000. Jumla ni 1,150,000. Nyumba ikicheza saa 600 kwa miaka miwili, A imekugharimu shilingi 1,000 kwa saa na B karibu 1,917. Mashine iliyoonekana ya bei rahisi imekaribia mara mbili.

Ukiwa na intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, ondoa ile 300,000, na tofauti inapungua sana. Game Pass ya Xbox, usajili wa kila mwezi unaokufungulia maktaba ya gemu, inaweza kuigeuza hesabu kabisa kwa mtu anayependa kuonja gemu mpya kila wiki. Kwa anayecheza mpira tu mwaka mzima, unalipia maktaba ya mamia ili ufungue kitabu kimoja, na gemu nyingine huondoka humo siku usiyoitarajia. Linganisha matokeo yako na bei ya saa ya kibanda cha mtaani. Kama kibanda ni nafuu kuliko mashine, na hamchezi zaidi ya saa mbili kwa wiki, kibanda kinawatosha.

Hatua ya 6: Toa alama kwa kila mtu

Kila gemu kwenye daftari ipe alama 1 hadi 3 kwa jinsi mtu huyo anavyoitamani. Gemu yenye P zidisha kwa 2. Gemu yenye H gawanya kwa 2. Isiyopatikana kwenye mashine hiyo ni 0, lakini unaruhusiwa kutafuta mbadala, mradi mwenye jina aikubali kwa kinywa chake.

Jirani yangu mmoja tulimfanyia hivi. Baba alitaka EA Sports FC 25, mama Tekken 7, kijana wa miaka 13 Spider-Man ya mwaka 2018 na Fortnite, na binti wa miaka 8 Mario Kart. Kwenye PS4: mpira 3, Tekken 2, Spider-Man ni P hivyo 3 zikawa 6, Fortnite 3. Mario Kart 0, lakini binti alipoonyeshwa Crash Team Racing Nitro-Fueled alisema sawa, 2. Jumla 16. Kwenye Switch: mpira tukaupa 2 kwa sababu baba hakuridhika na muonekano wake, Fortnite 2, Mario Kart 8 Deluxe ni P hivyo 3 zikawa 6, Tekken 0, Spider-Man 0. Mama alikubali Super Smash Bros. Ultimate kwa shingo upande, P, 1 ikawa 2. Jumla 12.

Walichukua PS4. Ila kama kijana yule angekuwa bado na miaka 9 na kutamani Mario pamoja na dada yake, alama zingegeuka, na mimi mwenyewe ningewashauri Switch bila kusita. Kanuni yangu moja siivunji: mashine inayomwacha mtu mmoja wa nyumba na sifuri haipiti, hata jumla yake iwe kubwa namna gani. Mtoto aliyeachwa na sifuri atakumbuka.

Hatua ya 7: Dukani, ukiwa na diski yako

Azima diski halisi ya gemu iliyo juu kabisa kwenye daftari lako, uende nayo. Iingize, usubiri isakinike, icheze kupita ukurasa wa mwanzo, kisha uitoe na uiingize tena. Kisomaji kilichochoka hukubali mara ya kwanza kikagoma ya pili.

Fungua mipangilio uangalie nafasi iliyobaki. Red Dead Redemption 2 kwenye PS4 inakuja na diski mbili na inahitaji zaidi ya GB 100. Kwenye mashine ya GB 500, gemu nne za ukubwa huo zinajaza kila kitu, na bei ya diski kuu ya nje, ya kuongezea nafasi, inabidi iingie kwenye ile hesabu ya hatua ya 5. Mwambie muuzaji afute akaunti yake mbele yako, muifungue mashine ikiwa tupu, halafu uone gemu zilizobaki ni zipi. Chunguza diski anazokupa ukizielekeza kwenye mwanga: mikwaruzo inayozunguka kufuata duara ni ya kuogopa kuliko ile inayokata kutoka katikati kwenda nje.

Mwisho, omba pedi zote mbili na ucheze naye mechi nzima ya mpira, dakika zote, ukishika pedi ile inayoonekana imechakaa zaidi. Mchezaji wako akianza kutembea mwenyewe bila kuguswa, kijiti kimekufa. Toa bei ya pedi mpya kwenye bei aliyotaja, kisha endeleeni na mazungumzo.